Ngazi ya Tatu: Neno Moja katika Tahadhari za Theluji

Katika majira ya baridi ya 1950/51 maporomoko ya theluji yaliua watu zaidi ya 200 katika milima ya Alps. Uswisi wakati huo ilikwisha kuwa na taasisi ya kuchunguza theluji huko Davos, na jirani zake nao wakaimarisha huduma zao za tahadhari. Hata hivyo kila nchi ilishika kipimo chake, na msafiri aliyevuka mpaka aliweza kukuta namba ile ile ikiwa na maana nyingine. Mwaka 1993 ndipo huduma za Ulaya zilipokubaliana juu ya kipimo kimoja chenye ngazi tano.

Namba zilipatana, maneno hayakupatana. Ngazi ya 3 Wajerumani huiita *erheblich*, yaani yenye uzito wa kujaliwa. Wafaransa husema *marqué*, yaani iliyojitokeza wazi.

Mfasiri wa Kiswahili akiona tano, huvutwa kuiita ya tatu “hatari ya kati”. Hilo ni kosa la kuua. Ngazi hizi hazipandi kwa hatua sawa, na nchini Uswisi takriban nusu ya vifo hutokea katika ngazi hiyo hiyo ya 3. Ngazi za 4 na 5 zikitangazwa, barabara hufungwa na watu hukaa ndani. Katika ya 3 wengi bado hutoka. Theluji hulala kwa matabaka, na tabaka dhaifu likifunikwa na jingine gumu, uzito wa mtu mmoja apitaye kwa skii kwenye mteremko wa nyuzi 30 au zaidi waweza kuling’oa bamba zima.

Tumelipima “hatari dhahiri”, kwa kufuata Wafaransa, tukaliacha, kwa kuwa tabaka dhaifu halionekani kwa macho. “Kubwa kiasi” nalo hupoza: msomaji hushika “kiasi” akasahau “kubwa”. (Wenzetu wanaocheka kwamba twahangaikia theluji wakumbuke kuwa hata “barafu” twalipata kutoka Kiajemi, ambako lina maana ya theluji.)

Kwa sasa twapendekeza mfuatano huu: hatari ndogo, ya wastani, nzito, kubwa, kubwa sana. “Nzito” haijaturidhisha kabisa, maana haionyeshi yenyewe kuwa iko chini ya “kubwa”. Kwa hiyo twaomba wafasiri wasiliandike kamwe bila namba yake.