Aiskrimu ya Mpemba

Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba, Tanganyika, wanafunzi waliokuwa wakitengeneza aiskrimu walikuwa wakigombea nafasi kwenye friza. Erasto Mpemba wa kidato cha 3 akaingiza maziwa yake ya sukari yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake ambaye hakuchemsha, bado ujiuji. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa.

Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni, mwanafizikia Dkt. Denis Osborne, kwa nini cha moto huganda mapema kuliko cha baridi. Wenzake wakacheka. Osborne aliagiza jambo lipimwe Dar es Salaam. Fundi wa maabara alipata jibu lilelile, akaahidi kurudia hadi apate lililo sahihi! Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa 1969. Wanafizikia wangali wanabishana kuhusu jambo hilo.