VIVUTIO VYA ARUSHA NA MERU: Mwongozo wa mwenyeji mwenye hela ya haisi

Leo nawaletea orodha ya sehemu za kutembelea hapa A-Town na kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kabla hujaipita ukisema "hayo ni ya wazungu", soma kwanza.

Ukisema Arusha, mgeni anafikiria Serengeti na Ngorongoro. Anashuka uwanja wa ndege, analala usiku mmoja, asubuhi anapanda Landikruza na kutokomea. Kwake Arusha ni geti tu. Shida ni kwamba hata sisi wakazi tumeuamini huo wimbo. Kuna mtu amezaliwa Kaloleni, amesoma Kaloleni, na hajawahi kuingia kwenye nyumba ya makumbusho iliyopo hapo hapo Kaloleni. Halafu huyo huyo anatafuta ajira kwenye kampuni ya utalii! Mgeni akimuuliza "hili jengo ni la nini?" atajibu nini?

Sehemu zote hapa chini zinafikika kwa miguu au kwa haisi na bodaboda. Kwenye makumbusho na hifadhi za serikali, raia analipa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa bei ya kimataifa. Beba kitambulisho, kama wewe ni mwanafunzi ndio kabisa usikiache. Sehemu nyingi za serikali siku hizi hazitaki pesa mkononi, wanakupa namba ya malipo unalipa kwa simu, kwa hiyo weka salio la kutosha kabla hujatoka nyumbani.

Tuanzie katikati ya mji.

1. MNARA WA SAA

Huu kila mtu anaujua, ndio tunapopeana miadi. Utaambiwa hapa ndipo katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Wapiga picha wanasema, waongoza watalii wanasema, na mgeni anafurahi. Ila chukua ramani ya Afrika, weka rula toka Cairo mpaka Cape Town, tafuta katikati. Utaangukia Kongo, sio kwenye kipilefti chetu! Hiyo hadithi inahusu ile safari ndefu ya barabara toka kusini mpaka kaskazini mwa bara, sio mstari ulionyooka. Isimulie, ni hadithi nzuri, ila uisimulie kama hadithi.

Angalizo: hapa ndipo wanapojaa vijana wa kuuza picha, bangili na "safari za bei poa". Kama una mgeni, mwambie asilipe safari yoyote barabarani. Aende ofisini, aone leseni, apewe risiti.

2. BOMA LA MJERUMANI (MAKUMBUSHO YA ELIMU VIUMBE)

Toka Mnara wa Saa panda na Barabara ya Boma kuelekea kaskazini, utalikuta mwisho wa barabara. Ni mwendo wa dakika chache tu.

Jengo lilikamilika mwaka 1900 kama ngome ya jeshi la Wajerumani. Miaka minne nyuma, Oktoba 1896, wamisionari wawili waliuawa Akeri, upande wa Meru. Wajerumani wakaja kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, migomba ikakatwa. Baada ya hapo wenyeji hao hao wakatumikishwa kujenga boma. Kwa hiyo ukisimama uani ukaangalia zile kuta nene, ujue zimejengwa na mababu wa watu unaopanda nao haisi, na hawakuwa vibarua wa kulipwa vizuri.

Tangu 1987 boma hili ni makumbusho ya taifa. Humo ndani utaona historia ya binadamu wa kale, wadudu na wanyama, na habari za utawala wa Wajerumani. Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na mwaka 1978 timu yake ikafukua nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Kufika Laetoli kwenyewe ni safari na gharama. Hapa unapata habari yake yote katikati ya mji, ndani ya saa moja.

3. AICC, JENGO LILILOSIKILIZA KESI ZA DUNIA

Lipo nyuma tu ya boma. Majengo yake matatu yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza. Jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata yakageuzwa kuwa kituo cha mikutano.

Mkataba wa amani ya Rwanda ulisainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Haukuzuia mauaji ya kimbari ya 1994. Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama, ICTR, na makao yake yakawa humu ndani. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa la mauaji ya kimbari. Mwaka huo huo aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda, Jean Kambanda, alifungwa maisha baada ya kukiri makosa. Mahakama ilishitaki watu 93 na ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Kazi zilizobaki na kumbukumbu zake zilihamia kwenye chombo kingine cha Umoja wa Mataifa, kilichopata majengo yake Lakilaki, nje ya mji.

Mkataba wa amani ya Burundi nao ulisainiwa mji huu huu, tarehe 28 Agosti 2000, msuluhishi akiwa Nelson Mandela. Ndio maana watu wanaiita Arusha "Geneva ya Afrika". Makao ya Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki yapo jirani hapo, kwenye jengo lililozinduliwa Novemba 2012.

Angalizo: hizi ni ofisi. Uliza mapokezi kabla ya kuzunguka, na usipige picha walinzi wala mageti.

4. UWANJA WA SHEIKH AMRI ABEID

Toka AICC shika Barabara ya Makongoro kuelekea magharibi. Uwanja wenyewe mnaujua, mpira, mikutano na matamasha vyote vipo hapo. Lakini nimewauliza washkaji wengi huyu sheikh alikuwa nani, wengi wanadhani alikuwa mchezaji!

Sheikh Amri Abeid Kaluta alikuwa mshairi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baadaye waziri. Kitabu chake kuhusu sheria za kutunga mashairi kilitoka 1954, naye alifariki 1964. Kwa mji unaopenda mistari kama huu, mji uliowatoa X Plastaz na albamu yao ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, kuwa na uwanja wenye jina la mtunga mashairi sio jambo dogo. Ma-MC mlijue hilo.

5. MNARA WA MWENGE NA MAKUMBUSHO YA AZIMIO LA ARUSHA

Endelea na barabara hiyo hiyo mpaka kwenye kipilefti cha Mwenge, Kaloleni. Makumbusho yapo pembeni yake. Kama una muda wa sehemu moja tu, nakushauri uingie hapa.

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 mpaka 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Nchi ikachagua ujamaa na kujitegemea. Kesho yake tu, tarehe 6 Februari, mabenki yakatangazwa kuwa mali ya umma. Viongozi wakawekewa masharti ambayo leo ukiyasoma unaweza kucheka au kulia: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kwenye kikao cha Zanzibar, CCM ikayalegeza.

Makumbusho yalifunguliwa 1977. Ni madogo, picha nyingi ni za zamani, usitegemee maajabu ya vioo na taa. Lakini soma maandishi yaliyopo ukutani taratibu. Babu yako aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa, shangazi aliyesoma bure, duka la ushirika lililokosa sukari, vyote vilianzia kwenye uamuzi uliofanyika mji huu. Unaweza kukubali au kukataa siasa yenyewe, lakini huwezi kubishana vizuri kuhusu kitu usichokijua.

6. KITUO CHA UTAMADUNI, BARABARA YA DODOMA

Panda haisi ya kuelekea magharibi, mwambie konda akushushe Kalcha Heriteji, anapajua. Jengo la sanaa limechorwa kwa umbo la ngao, mkuki na ngoma. Ndani kuna vinyago, michoro na vinyago vya Kimakonde vya urefu wa kutisha, toka pembe nyingi za Afrika. Kuangalia ni bure. Kununua ndio shughuli, maana bei zimepangwa kwa ajili ya mfuko wa mgeni.

7. TENGERU: SOKO, ZIWA NA MAKABURI YA WAPOLANDI

Sasa tutoke mjini. Panda haisi za barabara ya Moshi, Tengeru ni kama kilomita 13. Nenda Jumatano au Jumamosi, siku za soko. Ndizi, parachichi, mitumba, mbuzi, kila kitu kipo.

Ukitoka sokoni tembea mpaka Ziwa Duluti. Ni ziwa dogo ndani ya kreta, limezungukwa na msitu wa hifadhi, ndege kibao, na Meru anajionyesha kama hakuna mawingu. Kuna kiingilio. Usiogelee, kingo zake zinazama ghafla.

Kivutio ambacho wengi hawakijui ni makaburi ya Wapolandi, kwenye eneo la chuo cha mifugo Tengeru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Warusi waliwahamishia Wapolandi wengi Siberia kwa nguvu. Walipoachiwa, baadhi yao walipitia Iran, wakavuka bahari mpaka Afrika Mashariki. Kuanzia 1942 karibu watu 5,000, wengi wakiwa kina mama na watoto, waliishi kambini hapa Tengeru. Walikuwa na shule, kanisa na mashamba. Wengi waliondoka baada ya vita, na waliobaki kaburini ni karibu 150. Sisi tumezoea kuona kwenye taarifa ya habari Waafrika wanakimbilia Ulaya. Hapa unaona Wazungu waliokimbia, na Umeruni ndiko walikopata pa kulala.

8. MERU NA HIFADHI YA TAIFA YA ARUSHA

Mlima Meru una mita 4,566, wa pili Tanzania baada ya Kilimanjaro. Ni volkano, mara ya mwisho ililipuka 1910. Ukiutazama toka mashariki utaona upande mmoja haupo kabisa. Ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita na kuacha kreta kubwa.

Hifadhi ilianza 1960 ikiitwa Ngurdoto. Utaona twiga, nyati, mbega weusi kwa weupe, na heroe kwenye maziwa ya Momella. Hakuna haja ya kuwa na gari la safari kwa kila kitu: unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Kupanda mpaka kileleni ni siku tatu au nne, lazima na askari, kupitia vibanda vya Miriakamba na Saddle. Na mnajua kilele kinaitwaje? Kilele cha Ujamaa! Azimio lipo chini Kaloleni, jina lipo juu kwenye baridi.

Kufika: shuka Usa River, chukua usafiri wa Ngarenanyuki, barabara yake inapita ndani ya hifadhi. Na ukifika Ngarenanyuki kumbuka kitu kimoja. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwatoa Wameru kwa nguvu huko ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa. Wameru wakachangishana hela, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, 1952, akasimama kuwasemea. Miaka tisa kabla ya Uhuru! Watalii wanapita hapo wakitafuta twiga. Wewe unaweza kupita ukijua umekanyaga wapi.

RATIBA FUPI

Siku ya kwanza, namba 1 mpaka 5, yote kwa miguu, anza saa tatu asubuhi na saa tisa umemaliza. Siku ya pili, Tengeru, iwe siku ya soko. Siku ya tatu, hifadhi, nendeni kikundi mchangie usafiri. Namba 6 ichomeke jioni yoyote. Epuka Aprili na Mei kama hupendi tope. Beba sweta hata kama mchana ni jua, si mnaijua Chuga yetu. Usitembee na simu mkononi kwenye madaraja usiku. Na kabla ya kumpiga mtu picha, awe Mmasai au mama wa sokoni, muombe kwanza.

Kwa leo naishia hapa wadau. Kama mtaani kwako kuna sehemu yenye historia ambayo nimeiacha, iandike hapo chini pamoja na namna ya kufika, wengine waende. Na wewe uliyezaliwa hapa, tuambie ukweli: katika hizi nane, umeshaingia ngapi?

Nawasilisha.