Mrithi Ni Nani?

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kutafakari swali lisilokosa kuulizwa katika miji yetu, kutoka Runyenjes mpaka Maua: Mzee akifumba macho, ni nani atakayeshika mahali pake?

Wazee wetu wa Meru na Embu hawakuwa na mfalme. Uongozi haukuwa mali ya nyumba moja. Kule Meru marika yaligawanyika pande mbili, Kiruka na Ntiba, nazo zilipokezana mamlaka kwa sherehe iliyoitwa ntuiko. Kwa ndugu zetu wa Mbeere pande hizo ziliitwa Nyangi na Thathi, na sherehe yao ni nduiko. Waliotangulia walikabidhi wangali hai, mbele ya watu wote; na waliofuata walijua kwamba zamu yao itafika.

Sasa natutazame mbali kidogo, kwa jamaa ya wafalme wasiokuwa na utaratibu kama huo. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, aliiteka Uingereza. Alipofariki mwaka 1087, Robert, mwanawe mkubwa, alipata Normandy. William, mdogo wake, akapata Uingereza. Henry, kitinda mimba, akapewa fedha tu. Je, walitosheka? La! Mwaka 1100 yule William wa pili alichomwa mshale akiwinda msituni, akafa, na baada ya siku tatu Henry alikwisha kuvikwa taji. Mwaka 1106 akamshinda Robert vitani, akamfunga. Robert alikufa kifungoni mwaka 1134.

Lakini Henry naye alipatwa na msiba. Tarehe 25 Novemba 1120 mwanawe wa pekee wa ndoa alizama baharini, merikebu ilipogonga mwamba. Akabaki binti, Matilda. Mwaka 1127 mfalme aliwaapisha wakuu wa nchi kwamba watampokea binti huyo. Wakaapa. Henry alipofariki mwanzo wa Desemba 1135, Stephen, mwana wa dada yake, aliyekuwa ameapa pamoja na wengine, alivuka bahari upesi, na kabla mwezi haujaisha akavikwa taji yeye. Wengi wakamfuata.

Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Vita viliharibu mashamba na vijiji kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1153 walipopatana kwamba Stephen atawale hadi kufa kwake, kisha mwana wa Matilda arithi. Mwaka 1154 kijana huyo akawa Mfalme Henry wa Pili.

Twajifunza nini? Wengi wa wakuu wale waliapa kwa kumwogopa baba, si kwa kumkubali binti. Baba alipozikwa, kiapo kilizikwa naye. Nasi je, hatufanyi vivyo hivyo? Mbele ya mzee twaitikia, "Ndiyo, Baba." Udongo wa kaburi haujakauka, twamwambia dada yetu kwamba aliyeolewa hana fungu katika shamba la chai. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haimbagui binti na mwana. Tena zamani sana, binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakaomba urithi wa baba yao, wakapewa.

Basi, baba na mama mnaotusikiliza, msiwaachie watoto wenu fumbo. Waiteni wote, wana na binti, wazee wakishuhudia. Semeni wazi, tena andikeni. Na sisi tulio watoto, tukiitikia siku hiyo, tuitikie kwa moyo, ili neno letu lisimame hata mzee akiwa hayupo.

Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.