Kutoa Hesabu: Vita vya Maji Maji katika Bonde la Kilombero

Dini ya Kikristo hufundisha kwamba kila mtu atatoa hesabu ya matendo yake mwenyewe. Fundisho hili ni jepesi kulitamka na zito kulitumia. Uzito wake hauonekani sana katika makosa madogo ya nyumbani, ambapo mkosaji na mkosewa hujuana kwa majina. Huonekana katika vita, ambamo mmoja huamuru, wa pili hutenda, wa tatu hunyamaza, na wa nne hufaidi. Hapo hesabu hugawanyika katika mikono mingi, na kila mkono hudai kuwa fungu lake ni dogo. Katika historia ya Tanzania mifano ya jambo hili si haba, lakini michache yastahili kupimwa kwa makini kama ule wa bonde la Kilombero katika miaka ya 1905 hadi 1907.

Bonde hilo limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mto Kilombero, ambao huitwa pia Ulanga, hupita katikati yake, hufurika wakati wa masika, kisha huungana na Luwegu kufanya Rufiji. Ardhi yake ni ya mpunga na maji yake ni ya samaki. Wandamba walikuwa wavuvi na wenye mitumbwi; Wapogoro walikaa zaidi upande wa Mahenge; Wambunga, waliofika katika karne ya 19 na desturi za vita za Kingoni, walishika Ifakara na kandokando yake; na Wabena wa Mito walitawaliwa na ukoo wa Kiwanga. Wajerumani walijenga boma Mahenge, na mwaka 1902 mapadre wa Shirika la Benedikto walifungua misheni karibu nalo, mahali paitwapo Kwiro. Hivyo bunduki na msalaba vilikuwa majirani, na ujirani huo ulikuwa na matokeo yake.

Utawala mpya uliingia na madai mengi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, nayo ilikuwa rupia 3 katika nchi ambayo rupia yenyewe ilikuwa kitu adimu. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho. Kusini mwa pwani serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen iliwalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya majumbe kwa ujira usiotosha hata kuitwa ujira. Watu waliapa kutovumilia zaidi. Huko Ngarambe, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alitoa maji ya dawa ambayo, kwa imani ya waliyoyapokea, yangegeuza risasi kuwa maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini habari ya maji ilikuwa imekwisha kumtangulia. Wajumbe wake, walioitwa hongo, waliipeleka kutoka kabila hata kabila, mpaka ikavuka mto na kuingia Ifakara.

Tarehe 16 Agosti 1905 kikosi kidogo cha serikali kilichokuwa Ifakara kiliangamizwa, na njia ya Mahenge ikawa wazi. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu walilishambulia boma. Ndani yake alikuwamo afisa von Hassel pamoja na askari wapatao 60, mamia ya watu waliokuwa upande wa serikali, na bunduki 2 za rashasha. Wamisionari nao walikuwa wamekimbilia humo. Wapogoro na Wambunga hawakupatana saa ya kushambulia. Waliotangulia walianza kupigwa risasi wakiwa mbali kadiri ya mita 1,000, wakasimama imara kwa muda, kisha wakavunjika. Kundi la pili likaja, na baadhi ya watu wake wakafika hatua chache tu mbele ya bunduki kabla hawajaanguka. Boma lilizingirwa mpaka msaada ulipowasili kutoka Iringa chini ya Kapteni Nigmann, akiwa na Wahehe ambao baba na ndugu zao walikuwa wamepigana na Wajerumani hao hao mpaka kifo cha Mkwawa mwaka 1898.

Hayo ndiyo matukio. Swali la hesabu huanza hapo yanapokwisha kusimuliwa.

La kwanza ni hesabu ya aliyetoa maji na ya walioyapeleka. Wengi wamewaita wadanganyifu, na wengine wamewaita mashujaa. Maadili ya Kikristo hutofautisha mtu asemaye uongo akijua kuwa ni uongo na mtu akosaye kwa kuamini. Hakuna ushahidi kwamba Kinjikitile hakuyaamini maji yake. Walakini imani ya mtu, hata ikiwa safi, haimwondolei kabisa wajibu wa kufikiri juu ya matokeo ya maneno yake, hasa maneno hayo yanapowatuma wengine mbele ya risasi. Mwenye kuongoza watu hubeba mzigo kuliko mwenye kufuata. Huo ndio ugumu ambao Ebrahim Hussein aliuingiza katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969.

La pili ni hesabu ya wapiganaji. Haki yao ya kukataa dhuluma ni dhahiri, wala hakuna haja ya kuitetea kwa maneno mengi. Lakini tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na mabruda 2 na masista 2. Hawa hawakuwa askari. Huenda ikasemwa kwamba wauaji hawakuona tofauti kati ya Mzungu mwenye msalaba na Mzungu mwenye kiboko, na kwamba kosa la kutoonekana kwa tofauti hiyo halikuwa lao peke yao. Neno hilo lina kweli ndani yake. Hata hivyo sheria ya maadili haibadiliki kwa sababu mtu ameonewa: haki ya kupigana na mwonezi si ruhusa ya kumwua asiye na silaha.

La tatu ni hesabu ya askari weusi. Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache. Mikono iliyochoma vijiji ilikuwa zaidi ya Waafrika waliovaa sare za serikali na wasaidizi wao. Mara nyingi historia hupita hapo kwa haraka, kwa kuwa panauma. Askari aliyekataa amri alijua adhabu yake, na mafundisho ya Kanisa hukiri kwamba hofu hupunguza hatia ya mtendaji. Hupunguza, lakini haifuti. Aliyewasha moto ghala ya mtama alijua kwamba nyuma ya ghala hiyo wako watoto.

La nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ni hesabu ya walioamuru. Vita vya mapigano katika bonde havikudumu sana. Kilichoua watu wengi ni njaa, na njaa hiyo haikuletwa na ukame wala nzige. Mwezi Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim alimweleza gavana maoni yake kwamba silaha peke yake hazitoshi, na kwamba ni njaa na dhiki tu vitakavyowalazimisha watu kusalimu amri kabisa. Kisha chakula kikachukuliwa au kikachomwa, na mashamba yakaachwa bila kulimwa. Hesabu ya Wajerumani ilitaja wafu 75,000 katika eneo lote la vita. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikadiria kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Katika miaka ya 1930 Bwana na Bibi Culwick walichunguza uzazi wa wanawake wa Ulanga, na utafiti huo ukadai kwamba njaa ile ilipunguza uzazi wa wanawake waliosalia kwa zaidi ya asilimia 25. Maana yake ni kwamba amri iliyoandikwa kwa siku moja iliendelea kutenda kazi katika miili ya watu miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza.

Waandishi wa amri kama hizo aghalabu hawakumgusa mtu hata mmoja kwa mikono yao. Kisa cha Daudi na Uria kinafaa kukumbukwa hapa. Daudi hakuushika upanga uliomwua Uria; aliandika barua tu, na Yoabu akaitimiza, na adui akamaliza kazi. Lakini nabii Nathani hakwenda kwa Yoabu wala kwa adui. Alikwenda kwa mfalme, akamwambia kwamba mwuaji ni yeye. Kwa kipimo hicho mwenye kalamu haponi kwa kuwa mbali na damu. Götzen alitoka katika cheo chake mwaka 1906, na mwaka 1909 alichapisha kitabu juu ya vita hivyo. Hiyo nayo ilikuwa hesabu ya namna yake, lakini ilikuwa hesabu ya mtawala kwa taifa lake, si ya mtu kwa waliofiwa.

Kanisa lenyewe haliwezi kuachwa nje ya hesabu hii. Wamisionari hawakuamuru njaa. Wengine wao walikuwa wamepoteza wenzao, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Huko Songea padre aliwabatiza baadhi ya viongozi wa Wangoni kabla ya kunyongwa tarehe 27 Februari 1906. Tendo hilo lawezekana lilitokana na huruma ya kweli, lakini linaacha swali: waliohukumiwa waliitwa kutubu chini ya kitanzi, na waliohukumu hawakuitwa. Huko Ujerumani, mwaka huo huo wa 1906, mbunge Mkatoliki Matthias Erzberger alifichua maovu ya utawala wa makoloni mbele ya bunge. Basi yaonyesha kuwa kusema kuliwezekana. Mahali ambapo kusema kwawezekana, kunyamaza nako ni tendo, na huandikwa pamoja na matendo mengine.

Mafundisho ya Kikristo hayaishii katika kuhesabu makosa. Toba kamili ina hatua zake: kujuta, kuungama, na kufanya malipizi. Zakayo mtoza kodi hakusema kwamba anasikitika tu. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Wengine hudhani kwamba bonde la Kilombero limekwisha lipwa kwa mema yaliyofuata. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi walishika nafasi ya Wabenedikto mwaka 1921. Ifakara ikapata hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel akaanzisha maabara ya magonjwa ya nchi za joto, ambayo imekua kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, yenye sifa kubwa katika utafiti wa malaria. Mema haya ni ya kweli na yanastahili shukrani. Lakini waliyoyatenda ni watu wengine, wa nchi nyingine. Wema wa Mswisi hauwezi kulipa deni la Mjerumani, kama vile sadaka ya jirani isivyoweza kumwondolea mtu kosa lake. Kuchanganya mambo hayo mawili ni kuharibu maana ya wema na maana ya deni pia.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaonana na kizazi cha Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wao. Wapo waliouliza kama mtu aliyezaliwa mwaka 1956 aweza kutubu dhambi za mwaka 1905. Swali hilo ni la haki, kwa maana nabii Ezekieli alifundisha wazi kwamba mwana hatachukua uovu wa baba yake. Jibu lapatikana kwa kutofautisha hatia na deni. Hatia hufa na mkosaji, na hukumu yake ni ya Mungu. Deni hubaki mahali pake maadamu nyumba iliyolifanya ingali imesimama, na dola ni nyumba isiyokufa pamoja na watu wake. Rais hakusema kuwa yeye ni mwuaji. Alikiri kwamba nyumba anayoiongoza inadaiwa. Huko ni kuungama. Malipizi ni hatua nyingine, nayo hupimwa kwa vitendo: mabaki ya wafu kurudishwa kwao, kumbukumbu kufunguliwa, na ukweli kufundishwa katika shule za nchi zote mbili.

Na hapa hesabu huwarudia hata wenye kusoma na kuandika. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee waliokuwa hai wakati wa vita, wakayaandika maneno yao. Wazee wale hawapo tena. Majina ya von Hassel, Nigmann na Wangenheim yamo vitabuni. Wanawake waliokufa njaa wakitafuta mizizi porini kati ya Ifakara na Mahenge hawakuandikiwa orodha. Mwanahistoria hawezi kuwafufua wala kuwahukumu waliowaua. Aliloachiwa ni kukataa kuiita njaa ile balaa ya asili, na kuiita kwa jina lake: tendo la watu, lililoamriwa na watu, ambalo watu hao watalitolea hesabu.