Mkuki wa Nyumbani na Bunduki ya Ng'ambo

Watu wengi wakisimulia habari za Wagusii na kuingia kwa Waingereza husema neno moja tu: mikuki ilishindwa na bunduki. Neno hilo ni la kweli, msomaji, lakini halitoshi. Atakayetaka kuyafahamu mambo hana budi kuuliza zaidi. Je, kila silaha ilitengenezwa wapi? Ilitengenezwa na nani? Na ilipovunjika au kuishiwa, ni nani aliyeweza kuitengeneza tena? Basi na tuziweke silaha hizo mbili katika mizani moja, tuzipime kwa haki.

Tuanze na ile ya nyumbani. Katika nchi ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, walikuwako wahunzi stadi tangu zamani. Walikusanya mawe yenye chuma, wakayayeyusha kwa moto wa makaa, huku vijana wakivukuta mivukuto bila kupumzika. Kutokana na chuma hicho walifua majembe, mashoka, visu, vichwa vya mishale na ndimi za mikuki. Kazi zao zilifika hata kwa jirani zao Wajaluo, na vitu vya chuma vilibadilishwa kwa mifugo. Mkuki ulipopinda, mwenyewe hakwenda mbali: alimrudia mhunzi yule yule aliyeufua, akalipa, ukanyoshwa. Silaha hiyo haikumfanya mtu awe mdeni wa mgeni.

Wala usidhani kwamba mkuki ulikuwa silaha dhaifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wagusii walipigana na Wakipsigis katika vita ambavyo Wagusii huviita Saosao, na Wakipsigis huviita Mogori. Wakipsigis walipata hasara kubwa mno, na msiba ule haujasahauliwa kwao hata leo. Pande zote mbili zilichukua mikuki, ngao na mishale. Silaha zilipolingana, aliyeshinda ni yule aliyepanga vema na kusimama imara.

Sasa tuitazame bunduki. Ilitoka katika viwanda vya Ulaya, ambako mashine zilichonga kila kipande kwa kipimo kimoja. Ndani ya kasiba yake mlichongwa mifuo inayozunguka, ili risasi itoke ikizunguka na kwenda moja kwa moja hadi mbali. Mkuki hurushwa hatua chache tu. Risasi ya bunduki ya namna hiyo humpata mtu aliye mbali hatua mamia. Hapo pana tofauti ya kwanza, nayo ni umbali.

Tofauti ya pili haionekani upesi. Bunduki haina nguvu pasipo risasi. Ikiishiwa, hugeuka kuwa rungu. Hata mhunzi hodari kuliko wote wa Kitutu au wa Nyaribari hakuwa na zana za kutengeneza ganda la shaba, fataki na baruti yake. Vitu hivyo vilisafiri kwa meli mpaka Mombasa, kisha kwa reli, ambayo ilifika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na kutoka huko vilichukuliwa na watu hadi milimani. Kwa hiyo nyuma ya askari mmoja palikuwa na njia ndefu yenye viwanda, meli, reli na wapagazi. Wagusii hawakupigana na bunduki peke yake. Walipigana na njia ile yote.

Mwaka 1905 askari wa King's African Rifles pamoja na polisi walipelekwa Kitutu. Wapiganaji waliwashambulia kwa mikuki, lakini bunduki, na hasa bombomu, yaani bunduki ya kupiga mfululizo, ziliwaangusha kwa wingi kabla hawajafika mahali ambapo mkuki ungefaa. Hawakukosa ushujaa, walikosa nafasi ya kukaribia.

Sikiliza basi jambo lililotokea Januari 1908. Kijana aliyeitwa Otenyo, akitiwa moyo na Moraa Ng'iti, mwanamke aliyeheshimiwa kwa unabii, alimvizia njiani ofisa wa Kiingereza, Geoffry Northcote, akamchoma kwa mkuki. Angalia kwa makini alivyofanya: aliiondoa ile faida ya umbali. Alingoja adui akaribie, na kwa karibu mkuki wa nyumbani ulifanya kazi yake. Northcote alijeruhiwa, lakini alipona. Miaka mingi baadaye, kuanzia 1937 hadi 1941, alikuwa gavana wa Hong Kong. Wagusii ndio walioadhibiwa vikali. Majeshi yalikuja, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa, na watu wengi wakauawa. Mauaji yalizidi hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni huko London, akaandika kuyalalamikia. Mkuki ulimpata mtu mmoja, nao haukuweza kuikata ile njia ndefu iliyokuwa nyuma yake.

Baada ya miaka sita bunduki zilikutana na bunduki katika nchi hiyo hiyo. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini, wakauingia mji wa Kisii, na tarehe 12 majeshi ya Kiingereza yakapigana nao hapo. Yafaa ujue kwamba hata bunduki za ng'ambo hazikuwa sawa. Mwanzoni mwa vita hivyo, askari wengi wa Wajerumani katika Afrika Mashariki walichukua bunduki ya mtindo wa 1871, yenye kasiba ya milimita 11. Iliwekwa risasi moja moja, na baruti yake ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Bunduki ya Waingereza ya Lee-Enfield ilikuwa na kasiba ya milimita 7.7, ilibeba risasi kadhaa kwa pamoja, na baruti yake haikutoa moshi mwingi. Wajerumani walikuwa na bunduki mpya zaidi kwao Ulaya, lakini ile ya zamani ndiyo waliyoona inawatosha askari wao wa Kiafrika. Anayepokea silaha kwa mgeni hupokea ile ambayo mgeni ameamua kumpa.

Mapigano yalipokwisha, pande zote mbili zilirudi nyuma, na mji ukaachwa bila mwenyewe. Wagusii waliokuwa wameambiwa kwamba wenye bunduki hawashindiki waliwaona kwa macho yao wakikimbia. Watu wengi waliingia mjini na katika misheni za karibu, wakachukua mali. Waingereza waliporudi, walilipiza kwa ukali, na ng'ombe wengi wakachukuliwa tena. Silaha zilikuwa zimeondoka kwa muda tu. Njia iliyozileta ilikuwa bado iko wazi.

Hapa, msomaji, nataka ugeuze macho kutoka silaha hadi jembe. Kwa njia ile ile iliyoleta risasi, yalikuja pia majembe ya viwandani. Yalikuwa mepesi kupatikana, yalifanana yote, na bei yake ilishuka kadiri yalivyozidi kuingia. Mkulima aliyeyanunua hakufanya kosa. Shamba lake lililimwa vema. Lakini mhunzi, ambaye hakuna askari aliyekuja kumpiga, aliona wateja wake wakipungua mwaka hata mwaka. Kazi ya kuyeyusha mawe ya chuma ikaachwa, na ujuzi wake mwingi ukaenda kaburini pamoja na wazee. Bunduki ilishinda mikuki kwa siku chache; jembe la kuagizwa lilimshinda mhunzi kimyakimya, wala hakuna aliyepiga mbiu.

Basi tumepata nini katika mizani yetu? Kwa umbali na kwa wepesi, kitu cha ng'ambo kilishinda. Hatuna haja ya kudanganyana. Kwa kujitegemea, kitu cha nyumbani kilishinda. Hasara kubwa ya Wagusii haikuwa kwamba mikuki yao ilikuwa mifupi. Ilikuwa kwamba chombo kipya kilikuja bila ujuzi wa kukitengeneza, na ujuzi wa zamani ukaachwa kabla mpya haujashikwa.

Siku nyingine ukipita mjini Kisii au Nyamira, simama kidogo penye karakana ya mafundi wa jua kali. Utawasikia wakigonga chuma, wakitengeneza milango, majiko na mikokoteni. Chuma chenyewe kimetoka mbali, lakini mikono ni ya hapa. Jiulize basi wewe unayesoma hesabu na sayansi: katika vitu vyote tunavyonunua leo, ni vingapi ambavyo vikivunjika tutajua wenyewe kuvifua upya?