Vyumba vya Tini katika Nyumba za Mwambao, kutoka Kilwa hadi Kudha

Nyumba ya jadi ya mwambao wa Waswahili haikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Aliyejaaliwa mali akajenga kwa mawe aliinua kuta juu ya ardhi, na sababu kubwa ilikuwa ardhi yenyewe. Visiwa vya Wabajuni, vilivyopangana sambamba na pwani ya Somalia kutoka kusini mwa Kismayo hadi karibu na Rasi Kiamboni, ni miamba ya matumbawe iliyofunikwa na mchanga na udongo mwembamba. Katika kisiwa cha Kudha, kama vile Chula, Chovai na Koyama, mwenye kuchimba hugonga mwamba upesi, na akiupasua hukuta maji yenye munyu. Shimo lililostahili jasho hilo lilikuwa kisima au birika. Kwa hiyo swali la mahali pa kuweka akiba lilihusu vyumba vya tini, vilivyo usawa wa ardhi, na uchaga ulio chini ya paa.

Miji ya kale ilikuwa na njia zake za kuhifadhi na kuficha mali. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina viwanja vilivyoshushwa chini ya usawa wa sakafu, na upande mmoja safu ya maghala. Gede, karibu na Malindi, mji uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, nyumba kadhaa zina chumba kidogo cha nyuma kisicho na mlango. Mwenye nyumba alikifikia kwa kupanda ngazi na kupita katika tundu lililo juu ukutani. Mwizi aliyeingia usiku alikutana na ukuta mtupu. Chumba hicho kilifanya kazi ambayo nchi nyingine hufanywa na pango lililochimbwa chini ya nyumba, na kilifaa zaidi mwambao, kwa kuwa kilikaa pakavu.

Ukavu ndio uliogawa kazi za nyumba. Jiwe la matumbawe hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chumvi ikikauka ndani ya lipu huibambua. Ukuta wa tini huumwa hivyo mwaka hata mwaka, hata ukipakwa chokaa kila kaskazi. Nguo, vitabu na nafaka havikustahimili hali hiyo. Mafuta katika mitungi, nanga, kamba na boriti viliistahimili.

Lamu ndipo mgawanyo huu ulipokomaa. Nyumba nyingi za mawe zilizobaki huko ni za karne ya 18. Mwanamke alipewa nyumba aolewapo, na baba asiyekuwa na kiwanja alijenga orofa juu ya nyumba yake, au alivuka njia kwa wikio, chumba kilichokaa juu ya mapito ya watu. Kila orofa ilipoongezwa, jamaa walipanda na vyumba vya tini vilibaki bila wenyewe. Humo ziliwekwa bidhaa, na humo walilazwa watumwa wa nyumba. Ustaarabu wa orofa ya juu, pamoja na zidaka zake za lipu iliyochongwa, ulisimama juu ya watu hao waliolala katika unyevu, na historia ya nyumba hizi ikisimuliwa bila wao huwa ni nusu ya historia.

Fundi hakuwa huru kuvipanga vyumba hivyo apendavyo. Dari ya nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haziruhusu chumba kuwa na upana unaozidi mita 3 hivi. Vyumba hutoka virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na kila kimoja kina giza kuliko kilichokitangulia. Ukuta wa juu hukaa juu ya ukuta wa tini, basi kuubomoa wa tini ili kupata ukumbi mpana ni kuiangusha nyumba nzima. Mpango wa vyumba ulidumu hivyo hivyo huku watu na vitu vilivyomo vikibadilika.

Mabadiliko makubwa yalikuja na kukomeshwa kwa utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria za Unguja mwaka 1897 na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Huko Mkunazini, Unguja, wageni huonyeshwa vyumba viwili vilivyo chini ya jengo la misheni ya Kianglikana na kuambiwa kuwa ndimo watumwa walimofungwa kabla ya kunadiwa. Wanahistoria wamelipinga hilo kwa hoja nzito: jengo lenyewe limejengwa baada ya soko kufungwa. Ushahidi ulio imara zaidi uko Mangapwani, kaskazini mwa mji, ambako chumba kilichongwa ndani ya mwamba ili kuwaficha watumwa biashara hiyo ilipokwisha kupigwa marufuku. Mateso yalikuwa ya kweli mahali pote pawili, ila kila shimo lastahili kusimuliwa kwa tarehe zake.

Watumwa walipoondoka, jamaa walilazimika kuamua upya matumizi ya vyumba vya tini. Mijini jibu la kawaida lilikuwa duka. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamekwisha kuonyesha namna yake Unguja na Mombasa: mbele hufunguliwa njiani, mzigo hukaa nyuma, na watu hulala juu. Mwenye nyumba Mswahili aliyetoboa mlango wa duka katika ukuta wa tini alipata kodi, lakini alipoteza sehemu ya sitara, maana nyumba hizi ziliipa njia migongo kwa makusudi. Wengine walikataa, wakawaweka humo jamaa wasiojiweza, au wakapageuza jiko na stoo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na kutoboa mlango kama huo si uamuzi wa jamaa peke yao tena.

Visiwa vya Wabajuni vilifuata njia nyingine. Magofu ya misikiti na makaburi ya mawe yaliyotapakaa katika visiwa kadhaa yaonyesha kwamba ufundi wa chokaa ulikuwepo, na mwanaakiolojia Neville Chittick aliyakagua mengi katika safari yake ya utafiti ya miaka ya 1960. Hata hivyo watu wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, nyumba za tabaka moja. Walilima bara, ng'ambo ya mlango wa bahari, na vitisho vya vita vilipozuka walirudi kisiwani. Nyumba ilibidi ihifadhi mavuno ya bara pamoja na zana za bahari, ndani ya kuta nne.

Nafasi ya akiba ilipatikana juu. Fito zilizolazwa juu ya kuta zilifanya uchaga, na moshi wa jiko uliopita hapo ulifukuza wadudu katika mahindi na mtama. Makasia na tanga lililokunjwa vilikaa pakavu juu, hasa msimu wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vikapandishwa pwani. Madema yalibaki uani. Ng'onda na papa mkavu navyo viliwekwa mbali na malazi, kwa sababu ya harufu yake, hadi chombo cha Lamu au Mombasa kitakapopata upepo. Magamba ya ng'amba, ambaye Wabajuni walimvua kwa kumtumia samaki taza aliyefungwa kamba mkiani, yalikuwa machache na ya thamani, na yalistahili kukaa ndani kabisa, karibu na kitanda.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walivuka mpaka kwa majahazi na kuishia katika kambi za wakimbizi za Mombasa. Baadhi yao baadaye walipanga vyumba katika mitaa ya mji huo, na kodi ya chini kabisa mara nyingi ni ya chumba cha tini, kile kile chenye unyevu kilichoachwa na waliopanda orofa. Waliobaki visiwani, na waliorejea, wameendelea kujenga kwa miti na makuti, na sasa mabati na saruji vimeingia. Paa la mabati halipitishi moshi kama makuti na hutoa joto kali mchana, kwa hiyo nafaka iliyozoea uchaga yahitaji pipa lenye kifuniko, nalo huwekwa sakafuni, pembeni mwa chumba cha kulala.