Lugha Isiyo na Kijiji

Kuna lugha isiyo na ukoo, isiyo na mto wala kaburi la babu, na bado watu wanakaa usiku kuisoma. Inaitwa Kiklingoni. Ni lugha ya askari wa kubuni katika Star Trek, hadithi za Kimarekani za safari za angani.

Mwaka 1979 yalisikika maneno machache tu, kwenye filamu. Kwa filamu ya 1984, mwanaisimu Marc Okrand akaitwa atunge lugha yenye sarufi yake, na 1985 akatoa kamusi. Hapo mashabiki wakaichukua ikawa yao. Mwaka 1992 walianzisha taasisi yao Marekani, wakawa na jarida na mkutano wa kila mwaka. Wakatafsiri hata Hamlet ya Shakespeare. Mwaka 2010 opera nzima ikaimbwa kwa Kiklingoni huko The Hague, Uholanzi.

Lakini baba mmoja Mmarekani alimsemesha mwanawe Kiklingoni kama miaka mitatu, na mtoto akakiacha. Angecheza na nani kwa lugha hiyo?

Kilichonigusa zaidi ni kazi ya Okrand ya kabla ya hapo. Mwaka 1977 aliandika sarufi ya Kimutsun, lugha ya wenyeji wa California. Msemaji wake wa mwisho alikuwa amefariki 1930, kwa hiyo Okrand alitegemea maandishi walioacha watu waliowahi kumsikiliza yeye na wenzake wa zamani. Leo wajukuu wa Wamutsun wanajifunza upya kupitia maandishi hayo. Yaani, daftari ndilo lililowangoja.

Mimi ni Mbembe wa Fizi. Watoto wetu waliozaliwa hapa Nyarugusu wanacheza kwa Kiswahili na kusoma kwa Kifaransa. Kibembe wanakisikia tukizika, au tukigombana. Kiklingoni kina kamusi, kimekosa watoto. Sisi watoto tunao, tele.

Basi ndugu zangu, bibi zetu bado wapo. Chukueni daftari moja la shule, mkae nao jioni: majina ya samaki, ya mitego, ya mashemeji. Muwaite watoto wasikilize. Nanyi wa mashirika, mkija na kalamu, msiulize tu kama tunajua Kiingereza. Ulizeni pia bibi anaitaje mvua.